Baba kwa Kichina

Mzozo wa Lisbon na Brussels uliwaka juu ya sahani za wali nyumbani kwa Leokadia, na katika wote waliokuwa wakizozana hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukanyaga mji wowote kati ya hiyo miwili.

Leokadia, mama wa Kihaya mwenye sauti ya kuitia watu mtaa wa pili, alikuwa ameigeuza sebule yake pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, kuwa mgahawa wa Watanzania. Mlangoni hakuweka kibao. Ukipanda lifti ukasikia harufu ya vitunguu na kelele za watu wanaojua kila kitu, ujue umefika. Mchana ule walikuwa wanakula huku wakimchagulia mwenzao nchi, kama vile nchi ni kitambaa cha kushika na kuachia.

"Lisbon kuna jua," alisema Geofrey, kijana anayesomea udaktari wa uchumi kwa pesa za serikali na kula kwa mkopo wa Leokadia. "Nimesoma mtandaoni. Maisha ya pwani pwani, samaki bwelele. Tatizo nyumba, kodi imepanda mpaka wenyeji wanalia. Brussels mshahara mnono, lakini serikali inakukata, na mvua haijui Jumapili."

"Mvua haiui mtu," alidakia Mkongo mmoja mwenye kofia ya pama, mdomo umejaa. "Bruxelles ni kwetu, papaa. Vyakula vya nyumbani, pondu utapata, chikwangue utapata, hata kinyozi utapata. Lisbon utasema na nani? Kireno unakijua?"

"Na Kifaransa anakijua?"

"Atajua. Bonjour moja tu, mlango umefunguka."

"Mlango ukifunguka kwa bonjour, wewe ungekuwa hapa unakula kwangu?" Leokadia akamwuliza, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Abdulwakil, huyo aliyekuwa akichaguliwa nchi, peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, sahani yake haijaguswa.

"Baridi yake ikoje?" aliuliza.

"Ya wapi?"

"Brussels. Mwezi wa kwanza, asubuhi, mtoto akienda shule."

Kicheko kikafa. Wote waligeukia dirishani, alipokaa Ilham akichora nyumba yenye mabomba ya moshi. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, macho ya njano kidogo pembeni. Mtoto yule alikuwa na selimundu. Baridi ikimshika, hata ile ya kiyoyozi cha dukani, mifupa humuuma mpaka anang'ata mto asipige kelele.

"Baba," Ilham aliita bila kuinua kichwa, "Lisbon inaandikwaje?"

Neno hilo *baba* Wachina nao wanalo, lilelile, maana ileile, na wanalitamka karibu sawa na sisi. Ndiyo maana muuza matunda wa pale chini hakuwahi kumwuliza Abdulwakil yule mtoto ni wa nani. Alimsikia akiitwa baba, akaelewa, akampa chungwa. Kumbe Ilham alikuwa mtoto wa Abubakary, mdogo wake Abdulwakil, aliyekufa kwa ajali na mkewe walipokwenda nyumbani likizo. Abdulwakil na mkewe Safia walimlea tangu hajaota meno. Sasa Safia naye alikuwa chini ya udongo, na aliyebaki wa kumsuka Ilham nywele ni Abdulwakil, kwa vidole vya kufungia marobota.

Mwisho wa mwezi wa nane kibali chake kilikuwa kinakwisha. Kampuni iliyomwandikia karatasi za kukaa Guangzhou ilikuwa imefunga, na laoban wake, bosi ambaye yeye alimpakilia makontena bandarini Nansha miaka yote ile, alimjibu kwa neno la sokoni: *mei you*. Hakuna. Kurudi nyumbani ilikuwa kurudi wapi? Nyumba iliuzwa kumtibia Safia, na vidonge vya Ilham kule leo vipo kesho havipo. Wakubwa wetu wao wakiumwa jino hupanda ndege. Mtoto wa mnyonge huambiwa anywe maji mengi.

Kwa hiyo zikabaki njia mbili. Lisbon alikuwako Rodgers, mpakizi mwenzake wa zamani, aliyempatia barua ya kazi ya ghala. Kwa barua ile Abdulwakil angeweza kuingia na mwanawe. Kitanda kimoja, chumba cha watu wanne, lakini jua na wawili pamoja. Brussels alikuwako Shamsia, mdogo wake wa kike, mwenye uraia, mume na nyumba yenye joto. Shamsia alikuwa tayari kumchukua mtoto. Mtoto tu.

"Lisbon," alisema Abdulwakil, akavuta sahani. "Tutakwenda Lisbon."

*

Kilichokosekana kilikuwa karatasi moja, ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye mlezi halali. Karatasi hiyo aliahidiwa na Dismas, mwenyekiti wa umoja wa Watanzania pale mtaani, mtu anayechukua michango kwa mikono miwili na kutoa msaada kwa kidole kimoja.

Alimkuta ukumbini mwa hoteli, kavaa suti, anawazungukia wageni waliokuja na msafara kutoka nyumbani. Sakafuni kulikuwa na maboksi ya televisheni yamepangwa kama matofali.

"Mwenyekiti, shikamoo ya kazi. Ile barua yangu?"

"Bwana Abdul! Si nilikwambia? Barua iko mezani."

"Mezani kwa nani?"

"Mezani kwa mkubwa."

"Na mkubwa yuko wapi?"

"Mkubwa yuko safarini."

"Basi niandikie wewe. Hata mistari miwili, na mhuri wa umoja."

"Mhuri uko kwa katibu."

"Katibu?"

"Katibu amewapeleka waheshimiwa kununua friji." Dismas akamshika bega, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya mali. "Kwani wewe unahangaika na nini? Mtoto anakuita baba, mtaa mzima unasikia. Nenda pale dirishani kwa watu wa viza useme ni mwanao, kwisha habari. Mambo mengine tunayakuza wenyewe."

Abdulwakil alisimama asijue aondoke au akae. Mheshimiwa mmoja aliyekuwa akisubiri teksi akamtazama, akaona bega la kazi.

"Kijana, hebu tusaidie na hilo boksi."

Kijana! Mvi zimemjaa mpaka ndevuni. Alimtazama Dismas. Dismas alikuwa anatazama simu yake. Akainama, akalibeba boksi, akalipeleka mpaka kwenye teksi, na likiwa bado kifuani mheshimiwa akamwonya asilibetue, ni la kioo.

*

Geofrey aliahidi kwenda naye kwenye kituo cha viza amtafsirie. Asubuhi ile akatuma ujumbe: profesa wake kamwita ghafla. Abdulwakil akaenda na Ilham.

Lilikuwa jumba la vioo lenye madirisha mengi katika ukumbi mmoja. Kila nchi na dirisha lake, lakini foleni ni ileile, kiyoyozi ni kilekile. Alivua shati lake la juu akamfunika Ilham magoti. Kwenye dirisha la Lisbon alikaa binti wa Kichina mwenye miwani mikubwa. Alizungumza Kiingereza cha mbio, na Kiingereza cha Abdulwakil kilikuwa cha kutambaa. Akajaribu Kichina. Cha Abdulwakil kilikuwa Kichina cha sokoni: rangi, saizi, ghali mno, punguza, robota ngapi. Humo hamna neno la mtoto wa ndugu yangu.

Alitoa cheti cha kuzaliwa cha Ilham, akaweka kidole kwenye jina la Abubakary. "Ndugu," alisema. "*My brother*. Mdogo wangu." Binti akaitikia kwa kichwa kama mtu asiyesikia, akakitia cheti kwenye bahasha. Kisha akainama kwenye kioo, akamwuliza Ilham kwa Kichina, taratibu, kwa upole wa watu wazima wanapowauliza watoto: huyu uliyekuja naye ni nani wako?

Ilham alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu waingie, aliulizwa swali analoliweza.

"*Baba*," alisema.

Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza. Neno lile halikuhitaji mkalimani. Vidole vyake vikapiga kwenye kompyuta, karatasi ikatoka, akaonyesha mahali pa kutia sahihi.

Abdulwakil alisikia. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini angesema nini? Kwamba si baba yake? Mbele ya mtoto? Na kwani si kweli? Kwao mtu akifa, mdogo au mkubwa wake hasogezi kiti, hukalia palepale. Mtoto wa Abubakary ni wa nani kama si wake? Akatia sahihi, akamshukuru binti kwa Kichina, na wakiwa kwenye lifti Ilham akamwuliza kama Lisbon kuna machungwa.

"Yamejaa," alisema. "Rodgers anasema yanaanguka barabarani."

*

Jibu lilipokuja, Geofrey alilisoma mbele ya jiko la Leokadia, na safari hii hakuwa na maneno mengi.

"Wamekataa. Wanasema umetoa maelezo ya uongo. Umejiandika baba mzazi, na cheti kinasema baba mzazi ni Abubakary, marehemu."

"Abubakary si mdogo wangu?"

"Ni mdogo wako."

"Mtoto wa mdogo wangu ni nani wangu?"

"Kwa Kiswahili ni mwanao, mzee. Wewe ni baba yake mkubwa. Kwa Kiingereza wewe ni *uncle*."

"Anko?" Abdulwakil akainuka. "Anko ni mjomba! Mimi nimekuwa mjomba wa mtoto wa mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja?"

"Hata muuza vocha anaitwa anko," alisema Leokadia, akapiga kijiko ukingoni mwa sufuria. "Nchi gani hizi, baba na muuza vocha wanagawana jina."

"Wachina wangeelewa," Geofrey alisema kwa sauti ndogo. "Wao wanalo. Kaka mkubwa wa baba wanamwita *bobo*. Ni baba mkubwa kabisa, kama kwetu."

"Basi mbona yule binti hakuandika hiyo bobo?"

Geofrey alikunja karatasi, akaikunjua.

"Kwa sababu mtoto alisema baba."

Hapo ndipo walipomwona Ilham. Alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha maji mkononi, maana alizoeshwa kunywa maji kila mara bila kukumbushwa.

"Nilikosea?" aliuliza.

"Hukukosea, mwanangu."

"Bobo ndiyo ilikuwa sahihi?"

Leokadia akageukia jiko, akakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Jioni ile Dismas alituma ujumbe kwenye kundi la umoja akiwakumbusha wanachama mchango wa kuwaaga waheshimiwa. Abdulwakil akausoma mpaka mwisho. Mwishoni pameandikwa: Umoja ni nguvu.

*

"Kaka, mlete," Shamsia alisema kwenye simu. Uso wake ulijaa kioo cha simu, nyuma yake dirisha lenye matone ya mvua, na ilikuwa mwezi wa nane. "Wakili ameshamaliza. Mahakama ya huku imenitambua, shangazi wa yatima. Hata viza wanasema itatoka haraka kwa sababu ya ugonjwa wake. Wewe mfikishe dirishani tu."

"Na baridi?"

"Nyumba ina joto, kaka. Hospitali wanaujua ugonjwa wake, watoto wetu wamejaa huku."

"Sikuulizi ndani. Nje."

Shamsia akatazama pembeni. "Nje atavaa."

Abdulwakil akaisogeza simu karibu na macho. Lisbon ilikuwa na jua na machungwa barabarani, na haikumtaka. Brussels ilimtaka mtoto, na ilikuwa na ile mvua nyuma ya kichwa cha Shamsia. Wale wa sebuleni kwa Leokadia walilinganisha mishahara, nauli, na bei ya mkate. Yeye angeilinganisha na nini miji hii? Mmoja ulikuwa na mtoto wake akiwa naye, mwingine ulikuwa na mtoto wake akiwa hai.

"Kaka, unanisikia? Jambo moja. Kule dirishani asikuite baba. Wewe umeshaandikwa mwongo kwenye mitambo yao. Wakisikia ana baba, uyatima umekwisha na faili limefungwa. Atabaki huko na wewe, bila kibali wote wawili, halafu wawakamate mtaani. Na dawa atapata wapi? Mzoeze kuanzia leo."

"Nimesikia."

Shamsia alisubiri aulize la pili, la kwake mwenyewe: yeye atakwenda wapi. Hakuliuliza, naye Shamsia akashukuru kimoyomoyo kwamba hakuliuliza.

*

Soko la nguo la Shahe lilikuwa linachemka. Jasho lilikuwa linamtiririka Abdulwakil mgongoni, na wachuuzi walikuwa wanashusha makoti ya baridi, maana soko la jumla huvaa msimu kabla haujafika. Alikwenda kwa muuzaji mmoja mwanamke, ambaye yeye alinunua kwake miaka mingi, marobota kwa marobota.

"Laoban!" mwanamke alimkaribisha kwa shangwe. "Ngapi leo?"

Abdulwakil akachagua koti jekundu la mtoto, zito, lenye manyoya kofiani. Akainua kidole kimoja.

"Dazani moja," mwanamke alisema.

"Hapana. Moja."

Tabasamu likaondoka. *Mei you.* Rejareja hauzi. Akampa kisogo, akaendelea kukata kamba za robota. Abdulwakil alibaki na koti mkononi kama mtu aliyekamatwa nalo. Mtu aliyevika nusu nzima ya watu wa Kariakoo, leo anaombaomba nguo moja! Alitafuta maneno. Bluu alilijua. Punguza alilijua. Alichotaka kusema hakikuwamo kabisa sokoni.

Ilham akasogea. Akamwambia mwanamke maneno machache ya Kichina, kwa sauti ya kawaida tu. Mwanamke akaacha kisu. Alimtazama mtoto, akamtazama Abdulwakil, akalikunja koti, akatia na glavu ndani ya mfuko, akataja bei ya jumla.

"Umemwambia nini?" Abdulwakil alimwuliza wakiwa nje.

"Nimemwambia nakwenda kwenye baridi, na baba haendi."

Abdulwakil akasimama. Watu na mikokoteni walikuwa wanawapita huku na huku.

"Bobo," alisema.

"Lakini hapa si dirishani."

"Zoea tu. Ulimi haujui dirisha. Useme hivyo mahali pote, mpaka tumalize."

"Hata nyumbani?"

"Hata nyumbani."

Ilham akalikumbatia koti lile kwenye joto lile. Wakatembea mpaka kituo cha treni, na njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza, anajifundisha.

*

Jumba lilelile, foleni ileile. Dirisha tu lilikuwa jingine, na nyuma ya kioo, kwa bahati ya maskini, alikaa yuleyule binti wa miwani mikubwa. Alipoinua macho alimtazama Abdulwakil kama mtu anayejiuliza alimwona wapi. Akasoma karatasi za wakili wa Shamsia, akasoma jina la Ilham. Mkono wake ukasimama.

Mkono wa Ilham ulikuwa ndani ya mkono wa Abdulwakil, mdogo na baridi kwa kiyoyozi. Binti akainama kwenye kioo. Safari hii hakukuwa na upole. Huyu ni nani wako?

Ilham akainamisha kichwa.

Binti akauliza tena. Nyuma yao mtu akakohoa. Abdulwakil alitazama mbele, kwenye kibao cha kukataza kupiga picha, na moyoni mwake, Mungu amsamehe, kulikuwa na upande uliokuwa unamwomba mtoto akosee. Aseme tu baba, faili lifungwe, wabaki wawili, liwalo na liwe. Alijisikia akiomba hivyo, akaona aibu kuliko siku ya boksi la televisheni. Akaubana mkono wa mtoto mara moja.

"*Bobo*," Ilham alisema.

Binti akarudi nyuma kwenye kiti. Neno hilo lilikuwa limemfungua kitu usoni; alitazama karatasi ya zamani kwenye kompyuta, akamtazama Abdulwakil, na ilionekana wazi ameelewa, sasa, yote, pamoja na kosa lake. Lakini kazi yake haikuwa kuelewa. Akauliza swali jingine: na baba yako yuko wapi?

Ilham alijibu kwa maneno mawili. La kwanza lilikuwa *baba*. La pili Abdulwakil alilijua vizuri. Ndilo mafundi wa simu pale mtaani hulisema wanapokurudishia simu isiyowaka tena. Imekufa.

Mhuri ukagonga.

Nje jua lilikuwa kali, la kuivisha mihogo. Walishuka ngazi mpaka chini kwenye treni, wakasimama nyuma ya mstari wa njano. Abdulwakil akachuchumaa mbele ya Ilham, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimeshafungwa.

"Basi, yamekwisha," alimwambia. "Umefanya vizuri sana, mwanangu. Sasa niite unavyotaka."

Ilham akageuka haraka, akatazama juu kwenye nguzo, palipokuwa na kamera ndogo nyeusi. Kisha akamwekea kidole mdomoni.

"Shh, bobo," alisema. "Watasikia."